Pointi za Stack Overflow na ngazi za Discourse: uzoefu wangu, Lubumbashi

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, naitumia kila siku ya kazi. Jioni nasimamia jumuiya ndogo ya mafundi wa programu hapa L'shi, inayoendeshwa kwa Discourse, programu ya kuendeshea majukwaa ya mijadala mtandaoni. Ya kwanza inamwekea kila mtu namba mbele ya macho ya wote. Ya pili inamhesabia kimyakimya na kumpandisha ngazi. Wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) huniuliza kama ile namba ina maana. Inayo, ila si ile wanayoidhania.

Hesabu yenyewe kwanza. Unaanza na pointi 1. Jibu lako likipigiwa kura ya juu unapata 10. Mwenye swali akilikubali unaongezewa 15, naye anapata 2. Kura ya chini inakupunguzia 2, na aliyeipiga dhidi ya jibu anakatwa 1 ili asipige ovyo. Kura ya juu kwa swali ilikuwa inalipa 5 hadi Novemba 2019. Sasa ni 10 pia. Kwa siku moja kura haziwezi kukuingizia zaidi ya 200, na siku hiyo inafuata saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Kwetu inageuka saa nane usiku. Ukishafikisha kikomo jioni, kura za saa sita za usiku hazikuletei kitu.

Pointi hufungua milango. Vizingiti vilivyozoeleka kwa miaka ni 15 kupiga kura ya juu, 50 kutoa maoni chini ya maandishi ya mwingine, 125 kura ya chini, 2,000 kuhariri bila kungoja ukaguzi, 10,000 kuona yaliyofutwa. Utaratibu huu naukubali: mtu anapewa funguo kidogo kidogo. Mlango uliowekwa vibaya ni ule wa 50. Mwenye pointi 1 anaruhusiwa kujibu, lakini haruhusiwi kumwuliza mwenye swali, "Unatumia PHP toleo gani?" Basi anaandika swali lake kwenye kisanduku cha jibu, linashushwa, linafutwa, naye anaondoka akiamini kwamba watu wa kule wana roho mbaya.

Njia ya kuvuka ni marekebisho ya maandishi ya wengine. Kila rekebisho unalopendekeza likikubaliwa unapata 2, kwa hiyo 25 yanatosha kufika 50. Panga msimbo uliobandikwa ovyo, sahihisha lebo, ondoa salamu ndefu. Usipeleke rekebisho la koma moja, watalikataa. Kazi hii haidai Kiingereza kingi, na kwetu hilo si jambo dogo: Stack Overflow ina matoleo ya Kireno, Kirusi, Kihispania na Kijapani, ya Kifaransa hakuna. Aliyesoma kwa Kifaransa na kukulia kwenye Kiswahili anajibu kwa lugha yake ya tatu, pengine ya nne. Namba haioni jasho hilo.

Sasa ile kadi iliyo chini ya jibu: picha ndogo, jina, namba iliyokolezwa, vidoti vya medali za dhahabu, fedha na shaba. Jicho linaenda kwenye namba kabla ya kusoma mstari wa kwanza. Na namba haisemi ilichumwa wapi wala lini. Swali la namna ya kutengua mabadiliko ya mwisho uliyorekodi kwenye Git (chombo cha kutunza historia ya msimbo), la mwaka 2009, lina kura zaidi ya 20,000. Fundi anayeeleza vizuri kwa nini malipo ya simu yanakatwa mara mbili mtandao ukiyumba (programu haikupata jibu, ikatuma ombi lilelile upya bila kitambulisho kinachomwonyesha mpokeaji kwamba ni la zamani) huenda asipate hata kura tatu. Wanaolihitaji jibu lake ni wachache, na wengi wao hawajafikisha 15 za kumpigia kura. Wahenga walisema chema chajiuza. Huku kinachojiuza ni kilichowahi. Tena pointi za 2010 hazichakai, hata kama mwenyewe hajagusa msimbo tangu hapo.

Onyo kwa wanaojipanga darasani kupigiana kura: mtambo hutambua kura nyingi zinazomiminwa kwa mtu mmoja, huzifuta, na pointi huondoka nazo.

Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, waliuona ugonjwa huu mapema, wakaacha kuonyesha namba na kuweka maneno badala yake, kwa sababu watu walikuwa wanaicheza kama mchezo. Jeff Atwood, aliyeanzisha Stack Overflow mwaka 2008 pamoja na Joel Spolsky, ndiye aliyekuja kutoa Discourse na wenzake mwaka 2013, na humo namba hakuiweka usoni.

Discourse ina ngazi 0 hadi 4. Ya 1 inataka ufungue mada 5, usome maandishi 30, utumie dakika 10. Ya 2: siku 15 za kuingia, mada 20, maandishi 100, dakika 60, majibu kwenye mada 3, moyo mmoja (alama ya kupenda andiko) uliotoa na mmoja uliopokea. Ya 3 hutazama siku 100 zilizopita, na lazima uwe umeingia angalau siku 50, ukilegea unashuka. Ya 4 anaitoa msimamizi kwa mkono.

Tatizo liko kwenye ya 3. Imepimwa kwa mtu mwenye intaneti asubuhi na jioni. Mtu wa Katuba, hapahapa mjini, anayenunua mega za siku moja, siku mbili kwa wiki, haifikii kamwe, hata awe ndiye anayejua zaidi. Ingia kwenye mipangilio ya msimamizi, tafuta "tl3" (yaani ngazi ya 3), shusha siku 50 ziwe 20. Kwa ngazi ya 2, siku 15 ziwe 8 na dakika 60 ziwe 30. Zile dakika 10 za ngazi ya 1 usiziguse: ukiziweka sifuri, wa matangazo taka watapita siku hiyohiyo. Ngazi 0 inaruhusu picha 1 tu kwa andiko; ongeza ziwe 3, maana wengi hapa huonyesha hitilafu kwa picha za skrini. Programu-jalizi ya kuorodhesha vinara ipo, iache imezimwa.

Nyota zangu (ndiyo, nami natoa alama): Stack Overflow 3 kati ya 5, Discourse 4. Funguo za Stack Overflow zingebaki na namba ikafichwa, ningeipa 4 pia.

Mwenye kuajiri aliyeletewa CV yenye namba hiyo afungue ukurasa wa mtu huyo, upande wa majibu, achague lebo ya kazi anayoitaka, asome matano, aangalie na tarehe zake.