Hamonika ipi ununue kwa ajili ya nyimbo za asili

Muuzaji wa hamonika, yaani kinanda cha mdomo, ataanza na jina la kampuni. Wewe unayetaka kupiga nyimbo za asili anza na maswali mawili: ndimi zake (vile vibamba vyembamba vya ndani vinavyotetemeka na kutoa sauti) zimetyuniwa vipi, na je, inafunguka kwa bisibisi ili uzirekebishe? Hayo ndiyo yaliyopanga orodha yangu. Nazungumzia ile ndogo ya matundu 10 na ndimi 20, ya ufunguo wa C.

Kwa nini tyuni? Sikiliza ilimba (ala ya vibamba vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze za Wagogo wa Dodoma, au rekodi za mwanamuziki wao, marehemu Hukwe Zawose. Sauti zao hazijapangwa kama za piano. Zinafuata uwiano wa 4, 5, 6, 7, 8 na 9, ule ule unaosikika ndani ya sauti moja nene ikivuma. Sasa shika hamonika ya C, vuta pumzi tundu la 2 hadi la 6: G, B, D, F, A. Hizo ni 4, 5, 6, 7 na 9, na ile ya 8 ni G unayoipata ukipuliza tundu la 6. Ngazi ya Kigogo imo humo, sauti zake zimepangana jirani kwa jirani. Tatizo ni kwamba F ya piano iko juu kwa senti 31 hivi (nusu toni ni senti 100), na B iko juu kwa senti 14. Sikio lililozoea zeze linaikataa F hiyo papo hapo.

Namba moja kwangu ni Hohner Special 20. Hohner ni kampuni ya Trossingen, Ujerumani, tangu 1857. Kiunzi chake cha kati ni cha plastiki, hakivimbi kwa mate, na kila kitu kimefungwa kwa skrubu. Tyuni yake iko kati ya ile ya piano na ile ya uwiano: B imeshushwa kidogo tayari, kwa hiyo kazi yako kubwa inabaki kwenye F.

Kazi yenyewe ni hii. Ondoa kifuniko cha chini. Ndimi za kuvuta ziko upande wa nje, unaziona zote. Penyeza kipande chembamba cha plastiki chini ya ulimi wa tundu la 5, kisha kwangua taratibu karibu na ribiti, yaani pale ulimi uliposhikizwa kwenye bamba. Kukwangua hapo kunashusha sauti. Kukwangua nchani kunaipandisha. Mikwaruzo miwili mitatu inatosha kwa mara moja. Futa unga wa shaba kwa brashi laini, subiri ulimi upoe, maana ukiwa na joto unasoma chini kuliko ulivyo, ndipo upime kwa programu ya kutyuni kwenye simu. Rudia kidogo kidogo. G ya kuvuta tundu la 2 usiiguse, kwa sababu ndiyo unayopimia nyingine zote.

Namba mbili ni Lee Oskar, inayotengenezwa na Tombo wa Japani. Hii imetyuniwa kama piano, kwa hiyo utakwangua zaidi, lakini mabamba yake ya ndimi yanauzwa peke yake: ukiharibu ulimi hununui hamonika nyingine. Kama unapiga na gitaa na kinanda cha umeme, iache ilivyo, na kwako iwe namba moja.

Easttop T008K ya China naiweka ya tatu. Bei yake ni ya chini na inafunguka vizuri, kwa hiyo ni ya kujifunzia kukwangua kabla hujagusa ya gharama.

Seydel 1847, kutoka Klingenthal, ina ndimi za chuma kisichoshika kutu. Zinadumu mno, ila ni ngumu kuzikwangua. Uzuri ni kwamba kiwanda kinapokea oda ambapo mteja anachagua kila noti. Mwenye uwezo na aanze hapa. Nimeishusha kwa sababu ya bei tu.

Marine Band ya asili, ya tangu 1896, naipenda mno kwa mlio wake. Lakini imepigiliwa misumari na kiunzi chake ni cha mti, kwa hiyo kwa kazi hii chukua Marine Band Deluxe, yenye skrubu. Zile ndefu za matundu 24, zenye sauti inayotetemeka, ndizo rahisi kuzipata madukani. Kila noti ina ndimi mbili zilizopishana makusudi, moja juu kidogo ya mwenzake, na mtetemo unatoka hapo. Kwa nyimbo za taratibu zinapendeza, ila usizinunue kwa ajili ya kutyuni upya.

Kama nyimbo zako ni za sauti tano za C, D, E, G na A, jua kwamba A ya chini haimo kwenye hamonika ya kawaida. Dawa yake ilibuniwa na Brendan Power wa New Zealand kwa ajili ya nyimbo za Ireland: noti ya kupuliza tundu la 3 inapandishwa toni nzima, kutoka G hadi A. Hupotezi kitu, maana G hiyo hiyo unayo ukivuta tundu la 2. Seydel wanaiuza ikiwa tayari. Ukiagiza, taja Paddy Richter, ndilo jina la tyuni hiyo.