Nyumba za kisasa mashambani Pwani ya Kenya: panda juu ya paa kwanza

Tangu masika, malalamiko ninayoletewa na wasomaji ni ya aina moja: nyumba ya mamilioni, kuta nyeupe, vioo hadi sakafuni, iko Vipingo au Kikambala au Diani, na dari inavuja. Kwa hiyo idadi ya vyumba na bwawa la kuogelea siyagusi. Hayo dalali atakueleza hata usipomuuliza. Nazungumzia paa.

Nyumba hizi za umbo la sanduku, ambazo ukisimama barabarani huoni paa, paa zinalo. Ni mabati yaliyolazwa karibu tambarare nyuma ya ukuta, na maji yake yote huishia kwenye mfereji wa ndani. Mvua ya Mei huku kwetu haina mchezo. Majani ya mwembe yakiziba bomba, maji yanaingia ukutani, na mawe ya matumbawe hunywa maji. Hapo hapo hewa ya chumvi inakula misumari na maungio ya mabati. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kushika nyumba, nenda na ngazi. Hesabu mabomba ya kutolea maji: likiwa moja, ondoka. Tafuta tundu la akiba kwenye ule ukuta, la kutoa maji mfereji ukifurika. Omba paa limwagiwe maji kwa mpira nusu saa nzima, wewe ukiwa ndani unatazama dari. Pembe moja ikiwa na rangi mpya peke yake, chini yake pana doa.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita: nyumba ya mawe yenye ua wa ndani, paa la mteremko linaloonekana, lililotokeza nje ya kuta kiasi cha kutia kivuli madirishani, na madirisha yanayopokea kusi na kaskazi. Tafuteni pande za Takaungu na Mnarani. Mabati nayataka ya Mabati Rolling Mills, yaliyopakwa aluminiamu na zinki. Kiwanda chao kiko hapa Mariakani, na mpako huo huvumilia chumvi kuliko zinki tupu. Dai risiti ya mabati, usikubali neno la mdomo.

La pili ni makuti juu ya boriti za mikoko. Ndani ni baridi na inapendeza, lakini makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na moto ukishika hauachi kitu.

Sanduku la vioo naliweka nafasi ya tatu, kwa masharti niliyotaja. Nyumba za kontena ni za bei nafuu, ila joto na kutu vinanitosha kuzikataa.

Kinachoniudhi zaidi ni bei. Tangu barabara ya Dongo Kundu itupunguzie foleni ya kivuko cha Likoni, kila kiwanja cha kusini kimepanda, na wauzaji wanataja dola kwa Mkenya anayelipwa shilingi. Wengine wanakukadiria ushuru wa stempu, ule wa kuhamisha umiliki, wa asilimia 4, ilhali huo ni wa mjini. Mashambani ni 2. Tena ardhi ikiwa ya kilimo, inahitajika idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi yana muda wa miezi 6 tangu mkataba. Hilo madalali hawalitaji kabisa. Idhini ikikosekana mkataba ni batili, na dalali atakuwa ameshachukua chake.