Tahadhari: samaki wa "euro nane" wa Roma, hasa kwa wanaokwenda kuadhimisha ndoa

Nawaandikia kwa hasira na sitapoza maneno. Mnaokwenda Roma na wenza wenu, iwe ni jubilei ya fedha baada ya hija ya Vatikani au miaka mitano tu ya kushukuru Mungu, kuna wizi unaofanyika mikahawani, juu ya kitambaa cheupe, kando ya mshumaa, na anayeibiwa anatoa asante. Waliokuwa kwenye msafara wetu, ambapo wenzetu wanandoa waliibiwa hivi, wanajua ni meza ipi naizungumzia, na wanajua kwa nini yule mama hakusema neno hadi hotelini. Yake sitayarudia. Naeleza wizi wenyewe, kwa sababu unafanyika vilevile kila jioni, kwa watu wapya.

Mnatokea kwenye kichochoro kati ya Pantheon na Piazza Navona, saa kumi na mbili na nusu jioni, miguu inauma, mmevaa vizuri. Mlangoni kuna mwanamume wa shati jeupe, ameishika menyu kifuani. Waroma wana jina lake, buttadentro, yaani mtu wa kuwatupa wateja ndani. Anauliza mnatoka wapi. Mkitaja Tanzania au Kenya anafungua mikono: "Jambo! Pole pole! Malindi, Watamu, Zanzibar!" Na huenda amefika kweli, maana Waitaliano wa Malindi tunawajua sote. Hapo ndipo moyo unapolegea. Mtu aliyezunguka mji mgeni siku nzima bila kusikia neno la kwao, akikaribishwa kwa Kiswahili, hata kiwe cha kuokoteza, anaona amefika kwa jamaa. Msimcheke. Tumelelewa kwamba anayekukaribisha kwake hawezi kukudhuru.

Kisha anauliza leo kuna sherehe gani. Mnamwambia ni siku ya ndoa yenu. Kuanzia dakika hiyo ameshajua kitu kimoja chenye thamani kuliko pochi yako: usiku huu mume hatauliza bei mbele ya mkewe.

Mnakalishwa. Mke anapewa menyu isiyo na bei. Katika mikahawa mikubwa ya Italia ni desturi ya zamani, eti mgeni wa kike asisumbuliwe na hesabu, na kule inafanywa kwa heshima. Huku inafanywa ili macho yanayosoma bei yawe mawili badala ya manne. Kabla mume hajafika ukurasa wa pili, mhudumu amerudi na sinia la barafu, samaki wazima wamelala juu yake, macho yanang'aa. Anawataja kwa haraka: spigola, orata, rombo. Anamnyooshea kidole mkubwa kuliko wote. "Huyu kwa wawili, kwa ajili ya bibi." Ukijikaza ukauliza bei, anajibu nane. Hajadanganya. Amemeza neno moja tu.

Neno hilo ni etto. Etto ni gramu mia moja. Kwenye menyu utaliona limeandikwa "all'etto", au kwa kifupi "hg", herufi ndogo mwishoni mwa mstari. Kwa hiyo "spigola 8,00 hg" maana yake ni euro 80 kwa kilo. Na anapimwa akiwa mbichi, na kichwa, na mifupa, na mara nyingine na matumbo yake. Samaki wa kilo moja na gramu mia nne ni etto kumi na nne, yaani euro 112 kwa samaki mmoja. Ukishatoa kichwa, mifupa na ngozi, kinachofika sahanini ni karibu nusu ya uzito huo. Watu wawili wanashiba kwa samaki wa gramu mia saba au mia nane. Alichowachagulia kingelisha meza ya wanne.

Mzani hamkuuona. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu ni watu wetu, watu wa pwani. Ukienda asubuhi Feri, soko la samaki la Dar, hukubali samaki achunwe magamba kabla bei haijakamilika. Unambana muuzaji, unamgeuza samaki, unafungua mashavu. Mtu huyohuyo anafika Roma, anamwachia mgeni wa shati jeupe aondoke na samaki jikoni bila uzito kutajwa. Si ujinga. Ni aibu ya usiku wa mapenzi, na hawa wezi wanaiuza aibu hiyo kwa gramu.

Kinachofuata kinakuja chenyewe. Sahani ya vitu vya kuanzia, kamba wawili, pweza kidogo, mkate wa kuchoma. Hamkuagiza, mkadhani ni zawadi. Chupa ya mvinyo ambayo amewachagulia yeye, imefunguliwa kabla hujasoma lebo. Maji chupa mbili, kwa sababu aliuliza ya kawaida au ya gesi, nyinyi mkatazamana, akaleta zote. Kikapu cha mkate. Kijana wa maua anamwekea mama waridi mkononi, "bure, kwa uzuri wako," halafu anasimama kando ya baba mpaka alipwe. Nani atamnyang'anya mkewe ua siku ya ndoa yao? Mwishoni vigilasi viwili vya limoncello, pombe tamu ya limau, kwa tabasamu, bila mtu kutamka neno "offerto", ambalo ndilo lenye maana ya bure.

Tuchukue mfano wa bili ya namna hiyo. Vya kuanzia 36. Samaki 112. Viazi vya pembeni mara mbili, 18. Maji 10. Mvinyo 65. Mkate 6. Limoncello 14. Jumla 261. Chini yake asilimia 15 ya huduma, 39.15. Mnalipa euro 300 na senti 15, zaidi ya laki nane za Tanzania, kwa samaki mmoja na viazi. Chakula kizuri kabisa cha wawili katika trattoria, yaani mgahawa wa kawaida wa mtaani, kama Testaccio au Garbatella, pasta mbili, nyama mbili, nusu lita ya mvinyo wa nyumba na maji, mara nyingi kinaishia kati ya euro 70 na 90.

Wala msidhani ni wajinga wa kwetu tu wanaoliwa. Mwaka 2009 Wajapani wawili walilipa euro 695 kwa chakula cha mchana karibu na Piazza Navona, ndani yake bahashishi ya zaidi ya euro 100. Mgahawa ule ulifungwa na mamlaka. Mwaka 2018 wanafunzi wanne, Wajapani vilevile, walitozwa zaidi ya euro 1,100 huko Venice kwa nyama nne za kuchoma, sahani ya samaki wa kukaanga na maji. Mwaka 2019 Roma tena, karibu na Castel Sant'Angelo: sahani mbili za tambi za samaki na maji, euro 429.80, na ndani yake 80 za bahashishi. Miaka kumi, mchezo uleule. Wanachagua watu wenye adabu, wanaotoka katika mila ambazo kugombana mezani ni fedheha. Sisi tumo katika orodha hiyo.

Nataka wafungwe. Nasema hivyo nikimaanisha. Kanuni ya adhabu ya Italia, kifungu cha 515, inampa anayemkabidhi mteja kitu tofauti na alichomuuzia hadi miaka miwili jela au faini isiyozidi euro 2,065, na samaki wa barafu aliyeuzwa kama wa asubuhi anaingia humo. Lakini mnajua wangapi wanalala ndani kwa ajili hiyo? Faini ya elfu mbili kwa mtu anayevuna mia tatu kila meza ni kodi ya biashara. Vibali vyao vifutwe, vibao vyao ving'olewe, na picha za mikahawa hiyo zibandikwe uwanja wa ndege wa Fiumicino, hapo watu wanaposubiri mizigo. Na yule wa "Jambo" awekwe wa kwanza. Ametumia lugha yetu kama chambo.

Basi, dalili. Menyu isiyokuwepo nje, wakati sheria inataka bei zionekane kabla hujakaa. Menyu yenye picha za vyakula na bendera sita za lugha. Mtu mlangoni, hilo peke yake linatosha. Chakula cha jioni kinachopatikana saa kumi na moja na nusu. Waroma hukaa mezani kuanzia saa mbili usiku, na jiko la kweli hufunguliwa kama saa moja na nusu. Herufi "S.Q." badala ya bei, maana yake itategemea kiasi. "Min. 2 persone" kwenye tambi za kamba-mti: bei iliyoandikwa ni ya mtu mmoja na mnalazimishwa wawili. Kinyota kidogo kando ya jina la chakula ni samaki au mboga ya barafu, tafuta maelezo chini ya ukurasa. Bistecca alla fiorentina nayo huuzwa kwa etto, na kipande chake ni kilo moja na kuendelea, kwa hiyo aliyekimbia samaki asijione salama.

Kuhusu mkate: mkoa wa Lazio, ambao Roma imo, ulipiga marufuku ile tozo ya kukaa mezani iitwayo coperto, kwa sheria namba 21 ya mwaka 2006. Wakageuza jina, wanaandika "pane". Mkate unaweza kuukataa, sema "niente pane, grazie" na urudishe kikapu hapohapo, kabla ya kumega. Nje ya Lazio coperto ipo na ni halali ikiwa imeandikwa kwenye menyu. Asilimia ya huduma nayo, kama haikuandikwa kwenye menyu hamdaiwi.

Samaki ukimtaka, na Roma kuna samaki mzuri, usimpe mtu ruhusa ya jumla. Sema uzito mwenyewe: "sette etti, otto massimo", yaani etto saba, zisizidi nane. Kisha "quanto pesa?", yaani ana uzito gani, wakati sinia bado liko mezani, na "quanto viene in tutto?", yaani jumla yake ni kiasi gani. Mwenye mgahawa mwaminifu atampima mbele yako na kukuandikia namba kwenye karatasi bila kununa. Anayesema "usijali" mbele ya swali la bei, simameni. Mkiwa hamjala kitu, kusimama hakuna gharama. Na kama baba anaona haya kuuliza, mama aulize. Pangeni hilo hotelini kabla ya kutoka, nani atauliza.

Bili ikishakuja na imevimba, msiondoke bila kulipa, mtageuzwa nyinyi wahalifu. Ile karatasi ya kwanza mara nyingi imeandikwa "preconto" au "non fiscale", si risiti. Dai menyu irudishwe mezani, mlinganishe mstari kwa mstari kwa sauti ya kawaida, mfute vitu ambavyo hamkuagiza. Mara nyingi sahani ya kuanzia na limoncello huondoka hapo. Wakikataa, pigeni simu namba 112, mwambieni mhudumu mnasubiri polisi. Kwa suala la risiti kuna 117, Guardia di Finanza, yaani askari wa kodi na fedha, na hilo jina linawatia baridi kuliko polisi wa kawaida. Risiti halali ina maneno "documento commerciale".

Watawaambia mashine ya kadi ni mbovu, wawaelekeze kwenye mashine ya pesa ya kona, yenye makato yake. Tangu tarehe 30 Juni 2022 anayekataa kadi anatozwa faini ya euro 30 pamoja na asilimia nne ya malipo hayo. Wakumbusheni tu, mashine inapona. Inapokuja, ishikeni nyinyi wenyewe. Itauliza mlipe kwa euro au kwa fedha ya kadi yenu, shilingi au dola. Bonyeza EUR. Kile kingine kinatumia kiwango cha ubadilishaji cha kwao na kinawala asilimia kadhaa zaidi, na wahudumu hawa hupenda kubonyeza kwa niaba ya mteja huku wakimsifia mkewe.

Jina la mgahawa uliowaliza wenzetu silitaji hapa, wahusika wameshauri hivyo na nimekubali kwa shingo upande. Wale mliobaki na picha za menyu na karatasi za bili kwenye simu, nawaomba msizifute kwa kuona haya. Zihifadhini pamoja na tarehe, saa na namba ya nyumba iliyo mlangoni.