Bilinganya la rangi ya tope: dokezo la kuchora kila siku, nyota moja (labda mbili)

Nimeilipia huduma hii ya madokezo ya kuchora miezi kadhaa sasa. Kila alfajiri dokezo linaingia kwenye simu, leo la kuchora kwa kalamu, kesho la rangi, na anayelipia kifurushi kikubwa anatumiwa boksi la rangi za maji lenye vidonge 12, brashi moja na daftari. Bei na mengineyo yamo kwenye tangazo lao, kasome huko. Mimi nataka kuzungumzia bilinganya.

Dokezo lilikuja hivi: "Bilinganya juu ya sinia la bati. Usitumie nyeusi. Zambarau changanya mwenyewe, nyekundu na bluu." Ukilisoma unasema hawa watu wanajua. Bilinganya lina giza zito, lina mng'ao mkali ambao lazima uuache mweupe wa karatasi tangu mwanzo, lina kile kikofia cha kijani, na sinia linarudisha zambarau hafifu upande wa chini. Zoezi zima limo humo. Ila kwa boksi lao zambarau haitoki. Haitoki hata ukiiombea dua. Kinachotoka ni kahawia, ile ya tope la stendi wakati wa masika.

Ukiwauliza huduma kwa wateja unajibiwa: "Boss, rangi hazina shida, we ongeza bluu tu. Halafu kwenye sanaa hakuna kukosea." Hakuna kukosea! Mtu amelipa hela yake, ameharibu karatasi nne, anaambiwa hakuna kukosea.

Na ukiongeza bluu kama walivyosema, tope linageuka jeusi lenye ukijani. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuloweka brashi. Nyekundu ya boksi lile inaelekea machungwa, yaani ndani yake mna njano. Bluu yao inaelekea kijani, nayo ina njano yake. Njano na zambarau ni mahasimu, zikikutana zinauana, kinachobaki ni kahawia au kijivu. Kwa hiyo unapochanganya rangi mbili zao, kwa kweli unachanganya tatu. Kuongeza bluu ni kuongeza njano kwa mlango wa nyuma.

Anayetaka kuhakikisha, achukue tone la nyekundu alizimue kwa maji mpaka liwe jepesi kama chai ya rangi, alitandaze kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha. Likikauka likaonekana kama ganda la embe bivu, hiyo si ya zambarau. Likionekana waridi, inafaa. Bluu nayo vivyo hivyo: ikizimuliwa, altramarini, yaani bluu inayoelekea zambarau, inabaki na wekundu kidogo, ile ya boksi lao inakwenda feruzi. Rangi isiyozimuliwa ukiiangalia kwenye kidonge, ikiwa nzito, inakudanganya.

Mnaolifahamu boksi lile mtasema mbona waridi imo, kidonge cha nne. Imo. Imechanganywa na nyeupe, ndiyo maana zambarau yake inatoka ya chokaa, imepauka kama shati lililofuliwa mara mia, na giza la bilinganya hulipati hata upake mara tano. Dawa ni kununua tyubu moja tu ya majenta, ile nyekundu inayoelekea zambarau, ndogo kabisa, yenye alama PR122 ubavuni, ndiyo namba ya unga wake wa rangi. Nyekundu ndiyo inayoharibu zaidi, bluu yao hata hiyohiyo ya feruzi inasameheka. Anza na majenta, miguso minne au mitano ya brashi, kisha bluu mguso mmoja, maana bluu ile ina nguvu na ukianza nayo utamaliza majenta yote ukiifukuza. Acha mpako wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili. Ukiugusa ukiwa na unyevu, unainua wa chini na unapata mabaka.

Sasa hasira yangu hasa ni ile picha ya mfano waliyoambatanisha. Bilinganya linang'aa, zambarau safi kabisa. Limechorwa kwenye tableti! Kwenye skrini nyekundu na bluu ni mwanga, mwanga ukijumlishwa na mwanga unapata majenta inayowaka. Kwenye karatasi unga wa rangi unameza mwanga, kila unachoongeza kinapunguza. Aliyeandika dokezo kalijaribu kwenye kioo cha tableti, akampelekea mtu mwenye brashi na kopo la maji. Dakika kumi za kulijaribu kwa boksi lao wenyewe zingetosha.

Daftari? Kwa kalamu ni sawa. Kwa maji linajikunja kama papadi, bandika karatasi yake pande zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi au nunua karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, habari imeisha.

Nilikuwa naishia hapo na nyota moja. Lakini haki ya mtu mpe. Madokezo yao ya kalamu ni mazuri mno, na ndiyo yanayonitia hasira zaidi, kwa sababu yanaonyesha kuna mtu pale anayejua kazi. Lile la khanga iliyoanikwa kambani, kwa mfano: viwango vitatu tu vya giza na mwanga, mweupe wa karatasi, wa kati, na mweusi, dakika 20. Wengi huanza na pambo, wanachora pindo limenyooka kama rula, halafu wanajaribu kutia mikunjo juu yake. Haikunjiki ng'o. Dokezo lilikulazimisha kwanza ukunje macho, uweke mafungu ya kivuli, ndipo pindo ulipitishe juu ya mkunjo, likatike linapoingia ndani na litokee upande wa pili likiwa limesogea. Na maneno ya jina yanamezwa na mkunjo nusunusu, usiyaandike yote. Aliyelitunga hilo amekaa akaiangalia khanga.

Basi nyota mbili. Jiunge na kifurushi kidogo, boksi usilinunue, na siku za rangi fanya kwa penseli moja, kiwango cha giza na mwanga tu. Nilikwisha kata shauri la kujitoa mwezi ukiisha. Ila dokezo la jana lilikuwa kivuli cha ungo ukutani, jua la saa kumi, ule mwanga unaopenya kwenye matundu ya msuko wake na kumwagika vitone vitone, na vitone vya pembeni vinarefuka kuliko vya katikati. Sijui. Wabadilishe ile nyekundu kwanza.