Cherehani nyeusi ya kukanyaga: ikague kabla hujalipa

Kwa anayeshona kitenge, mapazia na sare za shule hapa Nairobi, cherehani nyeusi ya kukanyaga, kichwa cha chuma juu ya meza ya mbao, bado ni ununuzi mzuri. Stima ikipotea, kazi inaendelea. Ila jina la rangi ya dhahabu ubavuni lisikubabaishe. Hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, zilizolinda uvumbuzi wake wa msingi zilikwisha muda karne ya 19, kwa hiyo kiwanda chochote kinaruhusiwa kuiunda. Tofauti iko kwenye chuma, na hiyo unaikagua papo hapo dukani.

Anza na mshono. Mwaka 1846 Elias Howe alipewa hataza Marekani kwa mashine yenye sindano iliyotobolewa karibu na ncha, na uzi wa pili unaopita chini. Mshono huo wa nyuzi mbili ndio unaoshonwa soko la Gikomba mpaka leo. Toa kikebe cha bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), ukining'inize kwa uzi wake. Kisishuke chenyewe, ila ukikishtua kishuke kidogo tu. Kikiporomoka, kaza skrubu yake ndogo, chini ya robo mzunguko kila mara.

Sindano ni aina ya 15x1, pia huandikwa HAx1: namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi na kaki. Mfereji wake mrefu uelekee upande uzi unakoingilia. Ukiigeuza, au usipoisukuma juu hadi mwisho, itaruka mishono, na utadhani mashine ni mbovu.

Kwa mashine ya Howe, kitambaa kilining'inia wima kwenye pini, na kila kipande kikiisha ilibidi kisimamishwe kipangwe upya. Isaac Singer, kwa hataza ya 1851, alikilaza mezani chini ya sindano iliyosimama wima. Allen Wilson akaleta, mwaka 1854, meno ya kusogeza kitambaa, yanayopanda, kusogea, kushuka na kurudi. Mwaka 1856 wenye hataza kubwa waliziunganisha, ndiyo maana mashine moja imebeba akili za wote. Yapime hayo meno: bila uzi, teremsha mguu wa kubana kitambaa juu ya karatasi, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako. Karatasi ikipinda kila mara, mguu haulalii meno sawasawa. Omba kichwa kingine.

Uzi ukijisokota chini ya kitambaa, wengi huhangaika na bobini, kumbe kosa liko juu. Pandisha mguu kabla ya kutunga uzi. Ukiwa umeshuka, sahani za kukazia zimebana, uzi hauingii kati yake.

Udhaifu ni mshipi wa ngozi unaounganisha kanyagio na kichwa. Hulegea upesi ukiwa mpya. Kata sentimita 1, toboa tundu jipya, rudisha kipini cha kuunganishia ncha zake. Ukiukaza mno, kanyagio huwa zito. Na kwa fulana na vitambaa vinavyovutika, usiinunue kabisa: mshono wake hauvutiki, uzi utakatika.

Ikifika nyumbani, futa grisi ya kiwandani kwa mafuta ya taa, kisha tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani katika kila tundu. Mafuta ya kupikia huganda na kuikwamisha.