Uwanja mzuri, daftari bovu

Nilikuwa nataka kuupa nyota nne uwanja huu wa gofu wa Mbeya. Miti ya misindano na milingoti pande zote, grini (pale penye shimo lenyewe) zimekatwa vizuri, kedi, wale wabeba fimbo, wanaijua kazi yao. Ikafika zamu ya kuanza mzunguko wa pili, nyota zikaanza kupukutika.

Uwanja una mashimo 9, kwa hiyo anayetaka 18 anauzunguka mara mbili. Watu wanne wanaotembea bila uzembe humaliza mashimo 9 kwa saa mbili na dakika kumi hivi. Sasa piga hesabu: kundi lililoanza saa moja asubuhi limesharudi pa kuanzia saa tatu na dakika kumi, na nyuma yake linakuja jingine kila baada ya dakika kumi. Hao wamelipia 18, nafasi ni zao. Mapokezi wanaziuza tena kwa wageni! Daftari la saa za kuanza linajazwa mfululizo kutwa nzima, hakuna hata mstari mmoja ulioachwa kwa wanaorudi. Mnajikuta makundi matatu mmebanana shimo la kwanza, kila mmoja na risiti yake mkononi, mwili unapoa, baridi ya huku nayo mnaijua.

Ukiuliza? Kijana wa mapokezi hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mzee, hapa siyo stendi ya mabasi ya Nane Nane, hakuna anayekukimbiza." Shikamoo yenyewe hakuna. Afadhali ingekuwa Nane Nane, mwanangu. Kule tiketi ina saa na namba ya siti.

Na dawa yake wala haihitaji kompyuta. Kuanzia saa moja hadi saa tatu andika makundi 13, funga daftari, fungua tena saa tano na dakika ishirini. Basi.

Atakayekwenda pamoja na hayo (na pazuri pale, sitadanganya), apige simu aulize swali moja: mbele yangu wangapi wanacheza 18? Chukua saa za mwanzo asubuhi, au subiri saa tano na nusu. Juni na Julai ukungu unaweza kukaa mpaka jua lipande, na kundi la kwanza likichelewa ratiba yote inasogea. Wa mashimo 18 asianze baada ya saa saba mchana, jua lisije likamzamia njiani. Anayetokea Mbalizi ahesabu na foleni ya malori mpaka Uyole.

Mpira ukielekea mitini, usinyanyue mguu. Tangaza mpira wa akiba, yaani wa pili wa kuendelea nao wa kwanza usipoonekana, upige papo hapo. Sheria inakupa dakika tatu tu za kutafuta, na majani makavu ya misindano yanaumeza mpira mweupe ukiwa umesimama hatua moja kutoka ulipo. Bila wa akiba utarudi ulikopigia, na mkwaju mmoja wa adhabu, huku makundi yale matatu yakikutazama. Majani unaruhusiwa kuyaondoa, lakini kwa usalama yaondoe moja moja, kuanzia yale yasiyogusa mpira: mpira ukisogea kwa sababu yako, mkwaju mmoja wa adhabu, na unaurudisha ulipokuwa. Ukikwama kwenye mizizi, sahau grini. Chukua fimbo ya chuma namba saba, simama mpira uwe karibu na mguu wako wa nyuma, uupige utambae chini ya matawi mpaka kwenye majani mafupi. Huku juu hewa ni nyepesi na mpira unaenda mbali kuliko wa Dar, kwa hiyo kwenye mikwaju mirefu punguza fimbo moja, yaani chukua inayofuata ya umbali mfupi zaidi. Asubuhi ya baridi kali, usipunguze.

Nyota tatu, basi, kwa ajili ya msitu na kedi. Lakini kila nikiikumbuka ile "hakuna anayekukimbiza", kutoka kwa mtu aliyeuza nafasi ile ile mara mbili... Mbili. Na hiyo ya pili ni ya kedi, mapokezi wasiiguse.