Yamaha FG-180 ya lebo nyekundu: shingo ndiyo inayopanga bei

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani kuna Yamaha FG-180, gitaa kavu la Japani, na leo tunalipangia bei. Modeli hii ilitoka mwaka 1966 pamoja na mdogo wake, FG-150, na lebo nyekundu ikaendelea kubandikwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 70. FG-150 ndiyo mwanamuziki Country Joe McDonald aliyopanda nayo jukwaani kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, mwaka 1969, na hakuna muuzaji anayesahau kulitaja hilo kwenye tangazo lake.

Tuanze na pesa. FG-180 safi, inayopigika bila kwenda kwa fundi, kwa kawaida huenda kati ya dola 300 na 600 za Marekani. Ukiona dola 1,200, hiyo ni bei anayoiota muuzaji. Ukiingia eBay, chuja uone vilivyokwisha kuuzwa. Reverb nako, soko la vyombo vya muziki mtandaoni, tafuta bei za mauzo yaliyopita. Tangazo lililokaa miezi sita bila mnunuzi halikufundishi kitu chochote kuhusu bei.

Sasa, umri. Naingiza kamera kwenye tundu la sauti. Hii ndiyo lebo, nyekundu, na imeandikwa Nippon Gakki. Hilo lilikuwa jina la kampuni mpaka mwaka 1987, ilipojiita Yamaha Corporation. Angalia vizuri hapo, kwa sababu mwaka 2019 Yamaha walirudisha lebo nyekundu kwenye magitaa mapya, FG3 na FG5, na yale ni magitaa mengine kabisa. Na ukikuta Taiwan imetajwa, hiyo haikutengenezwa Hamamatsu, mji wa Yamaha kule Japani, kwa hiyo usiilipie bei ya Hamamatsu.

Chukua kioo kidogo na tochi, angalia kile kipande cha mbao ndani ambapo shingo inaungana na boksi. Mara nyingi utakuta tarehe imegongwa kwa wino. Tuseme inasoma 44.11.8. Huo ni mwaka wa Showa, kalenda ya mfalme wa Japani. Jumlisha 1925: 44 inakuwa 1969, mwezi wa 11, tarehe 8. Mimi nauamini zaidi muhuri huu kuliko namba ya seriali, maana mpangilio wa namba za Yamaha ulibadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda na kipindi hadi kipindi.

Ubao wa juu ni plaiwudi ya sprusi, mgongo na mbavu ni plaiwudi ya mahogani. Muuzaji akikuambia "mbao nzima", tazama ukingo wa tundu la sauti. Kwenye mbao nzima, mistari ya mbao inashuka kutoka juu hadi chini ya ukingo bila kukatika. Hapa unaona tabaka zimepangana. Si aibu. Plaiwudi haipasuki ovyo, na kwa mtu anayehama na gitaa kutoka joto la Mombasa hadi ukavu wa Nairobi hiyo ni faida. Ila sauti yake haitafika kwenye Martin, gitaa la Marekani, ya mbao nzima, hata muuzaji aape vipi.

Haya, shingo. Hapa ndipo bei inapopanda au inapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nyuzi sita za saizi ya 12, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012, zikiwa kwenye tuni zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 na kitu. Zikivuta miaka hamsini, shingo inainamia mbele na ubao wa juu unavimba nyuma ya daraja, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi kwenye boksi. Matokeo yake nyuzi zinapanda juu, vidole vinauma, na ukipanda na kapo, kile kibanio cha nyuzi, juu ya shingo tuni inaharibika.

Pima hivi. Tuni kwanza, usipime nyuzi zikiwa zimelegea. Bonyeza uzi mnene wa E kwenye freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, ya kwanza na ya 14 kwa pamoja, utazame nafasi chini yake kwenye freti ya 7. Ikiwa milimita 0.2 hivi, shingo imenyooka vya kutosha. Ikizidi sana, shingo imepinda, na hilo mara nyingi linarekebishika kwa fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, kama gitaa lako linayo na bado inazunguka. Usiilazimishe. Nati ikigoma, mpelekee fundi.

Baada ya hapo rula kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Unatafuta milimita 2.5 upande wa E mnene, 2 upande wa E mwembamba. Hapa, upande wa E mnene, nasoma 4. Kwa hiyo kuna milimita 1.5 za kushusha. Hesabu ambayo wengi wanaikosea ni hii: ili kushusha milimita 1 kwenye freti ya 12, lazima ukate milimita 2 kwenye kifupa cha daraja, kile kijiti cheupe ambacho nyuzi zinakaa juu yake, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya uzi. Basi 1.5 mara mbili ni milimita 3. Kifupa hiki kimechomoza milimita 2 tu juu ya daraja. Hakuna cha kukata. Na ukikisugua mpaka kifike chini, nyuzi zinapoteza ule mkunjo wa kushuka kwenye matundu ya pini zinazozishikilia, sauti inakufa.

Kilichobaki ni kuing'oa shingo na kuipachika upya kwa pembe sahihi. Kwenye FG za zamani kazi hiyo ni ngumu, maana gundi ya Yamaha pale kwenye kiungo haiachii kirahisi kwa mvuke kama ya Martin. Mafundi wengi huishia kukata kiungo na kurudisha shingo kwa bolti. Marekani kazi hiyo huanzia dola 400 hivi. Weka dola 400 juu ya gitaa la dola 450 uone kinachobaki.

Mambo mengine ni madogo. Vidoti hivi viwili vyeupe juu ya daraja vinafunika bolti, ni vya kiwandani, mtu asikuambie ni matengenezo ya mtaani. Pitisha karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Mashine za kukazia nyuzi zikiwa zimebadilishwa, punguza kidogo.

Na lile neno "lawsuit" kwenye tangazo, yaani kesi, ambalo wauzaji hulibandika kwenye magitaa ya zamani ya Japani kana kwamba yalishtakiwa kwa kunakili ya Marekani, lisikuongezee hata dola moja. Kesi ya kweli ilifunguliwa mwaka 1977 na Norlin, waliokuwa wamiliki wa kampuni ya magitaa ya Gibson, dhidi ya Elger, waliokuwa wakiuza magitaa ya Ibanez ya Japani huko Marekani, kuhusu umbo la kichwa cha magitaa ya umeme. Lebo nyekundu ilishaacha kutoka miaka kadhaa nyuma, na gitaa hili halihusiki hata kidogo.

Kwa hili la mezani: muhuri unasomeka, kila kitu ni cha kiwandani, hakuna ufa, lakini shingo inahitaji kupachikwa upya. Nisingetoa zaidi ya dola 120, na ningelichukua kama namjua fundi anayekubali kazi hiyo kwa bei nafuu. Unaponunua kwa mbali, mwombe muuzaji picha tatu: rula kwenye freti ya 12, kifupa cha daraja kikiangaliwa kutoka ubavuni, na muhuri wa ndani. Akileta picha ya lebo tu, toa bei kana kwamba shingo ni mbovu, kisha ongeza usafiri na ushuru wa forodha kabla ya kubonyeza kitufe.